Kutengeneza upya bodi za kompyuta za kale nyumbani, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa fundi au mwanafunzi aliyepata mchoro wa bodi ya kompyuta ya miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980, na anataka bodi hiyo aishike mkononi ikiwa hai. Tunachukulia kwamba umeshawahi kushika pasi ya lehemu na unajua kutumia mita. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi. Utaelekezwa pa kulisoma.

## Mambo ya mwanzo

Mchoro wa shaba una tofauti gani na dayagramu ya saketi?

Dayagramu inakuambia nini kinaungana na nini. Mchoro wa shaba unaonyesha shaba yenyewe itakavyokaa kwenye bodi: kila njia, kila kidoa cha kutobolewa, kwa saizi yake. Zamani ulitengenezwa kwa mkono. Mbunifu alibandika utepe mweusi na vidoa vya stika juu ya plastiki angavu, mara nyingi kwa ukubwa mara mbili ya bodi, kisha kamera ya kiwandani ikaupunguza. Mkono ukikosea nusu milimita, kwenye bodi inabaki robo. Ndiyo sababu njia za bodi hizo zinapinda taratibu badala ya kukata kona kama za leo: utepe haupendi kona.

Magazeti ya mafundi kama Popular Electronics na Radio-Electronics ya Marekani, Practical Electronics ya Uingereza na Elektor ya Uholanzi yalikuwa yakichapa michoro hiyo kurasani ili msomaji ajitengenezee bodi nyumbani. Kwa hiyo unachotaka kufanya wewe ndicho hasa kurasa hizo zilichokusudiwa.

Kuna programu za kuigiza kompyuta hizo kwenye simu. Kwa nini nihangaike na shaba?

Kama unataka kucheza tu michezo ya zamani, usihangaike. Bodi ni ya anayetaka kuona kompyuta inavyofikiri. Kwenye mashine ya mwaka 1980 unaweza kuweka mita au osiloskopu (kifaa kinachochora ishara za umeme) kwenye mguu wowote ukaona anwani ya kumbukumbu inavyobadilika. Kwenye simu yako kila kitu kimefichwa ndani ya chipu moja.

Nianze na kompyuta ipi?

Chagua kwa kuangalia IC, yaani chipu, zinazohitajika. Umaarufu weka pembeni. Watu wengi wanakuja na Apple-1 ya mwaka 1976 kwa sababu ya jina, na mchoro wake unapatikana. Lakini sehemu yake ya picha inatumia IC za Signetics 2504 na 2519 ambazo zimeadimika na bei yake inaumiza. Utamaliza bodi nzuri kabisa, kisha itakaa ukutani bila kuwaka.

KIM-1, ya mwaka huohuo, ni rahisi zaidi kuielewa: CPU (ubongo wa kompyuta) ya 6502, kilobaiti moja ya kumbukumbu, vitufe 23 na tarakimu sita za taa. Tatizo lake ni IC mbili za 6530, ambazo programu zake zilichongwa kiwandani. Zikifa, huwezi kununua nyingine dukani ukaweka. Wapo wanaotengeneza bodi ndogo yenye 6532 na EPROM (IC ya programu unayoiandika mwenyewe) kuziba pengo hilo.

Pendekezo letu ni ZX80 ya Sinclair, ya mwaka 1980. Ina CPU ya Z80, IC za kawaida za familia ya 74LS, kumbukumbu mbili za 2114 na ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu yenye programu yake) ya kilobaiti 4. Hakuna hata IC moja ya siri ndani yake. Ndugu yake ZX81 inaonekana rahisi zaidi kwa kuwa ina IC chache, ila karibu kazi yote imesukumwa ndani ya IC moja maalumu iliyotengenezwa na Ferranti, na hiyo huipati kwenye mzoga wa redio.

Ila hata ZX80 isiwe bodi yako ya kwanza kabisa. Tengeneza kwanza kitu cha upande mmoja, kama bodi ya umeme wa volti 5, ujue pasi yako ya nguo, inayohamishia mchoro kwenye shaba, na asidi yako, inayokula shaba isiyofunikwa na mchoro, zinafanyaje kazi.

Pesa nyingi inakwenda wapi?

Inakwenda kwenye IC na usafirishaji wake. Shaba, asidi na karatasi ni hela ndogo. Kwa hiyo nunua IC kwanza, zipime, ndipo uanze bodi.

Je, sheria inaruhusu?

Hataza za miaka ya 1970 zimekwisha muda wake. Hakimiliki ni jambo jingine: mchoro na programu iliyomo kwenye ROM vinaweza kuwa bado na mwenyewe hata kama kampuni ilikufa zamani, na Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kutengeneza moja ya kujifunzia na kutengeneza za kuuza ni mambo mawili tofauti. Kuhusu kuuza, soma sehemu ya mwisho.

## Mchoro wenyewe

Niskani kwa ubora gani?

Nukta 600 kwa inchi zinatosha. Kwa kiwango hicho, nafasi kati ya mguu na mguu wa IC inakuwa nukta 60 kamili, na hesabu zote zinakuwa nyepesi. Hifadhi kama PNG au TIFF. JPEG inaacha ukungu pembeni mwa njia, na ukungu huo ukigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe unakuwa meno.

Usipige picha kwa simu, hata iwe simu nzuri namna gani. Lenzi inavuta pembe za ukurasa. Na ukimtumia mtu faili kwa WhatsApp, litume kama hati. Ukilituma kama picha litabanwa na nukta zitapotea.

Nitajuaje kwamba saizi imetoka sahihi?

Hapa ndipo bodi nyingi zinapofia, siku kadhaa kabla ya kugusa asidi. Miguu ya IC za zamani imeachana milimita 2.54, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi. Tafuta kwenye mchoro IC ndefu kuliko zote, kwa kawaida CPU yenye miguu 40. Kutoka katikati ya kidoa cha mguu wa 1 hadi cha mguu wa 20 kuna nafasi 19, sawa na milimita 48.26. Upana kati ya safu mbili ni milimita 15.24.

Kama huna kaliba, tumia soketi. Weka karatasi uliyoprinti juu ya sponji ya kuoshea vyombo, panga soketi mpya ya miguu 40 juu ya vidoa vyake, kisha ikandamize mpaka miguu itoboe. Inua karatasi uitazame dirishani. Mwanga wa mguu wa 1 ukipita katikati ya kidoa na wa mguu wa 20 ukipita ukingoni, mchoro umesinyaa au umevutika. Kosa la asilimia moja kwa urefu huo ni karibu nusu milimita, na unaweza kushawishika kulipuuza. Kwenye bodi ya sentimita 25 kosa hilohilo ni milimita 2.5: umehama mguu mzima.

Kurekebisha ni hesabu moja. Gawanya 48.26 kwa ulichopima, zidisha kwa 100. Ukipata 47.9 kwenye karatasi, printi kwa asilimia 100.75. Pima urefu na upana kila kimoja peke yake, maana printa nyingi huvuta kidogo upande ambao karatasi inapita, na skana nazo zina yake.

Steshenari wananiprintia kila mara saizi tofauti. Nifanyeje?

Peleka PDF, na mwambie dada au kaka wa steshenari achague asilimia 100, asiache mashine ijirekebishe kulingana na karatasi. Mashine nyingi zimewekwa zipunguze zenyewe ili kuacha ukingo. Chora pembeni mwa mchoro mstari wa sentimita 10, uupime kwa rula palepale kaunta kabla hujalipa. Na uende siku zote kwenye mashine ileile, ukishaijua tabia.

Nigeuze mchoro kabla ya kuprinti au nisigeuze?

Hili linaongoza kwa kuulizwa. Karatasi inalazwa kifudifudi juu ya shaba, kwa hiyo kilichoko kwenye karatasi kitatokea kimegeuka. Cha kujiuliza ni kimoja: aliyechora alikuwa anaitazama bodi kutoka upande gani?

Magazeti yalikuwa na mitindo miwili. Mengine yalichapa shaba kama jicho linavyoiona ukiipindua bodi. Huo lazima uugeuze. Mengine yalichapa shaba ya chini kama ambavyo ingeonekana kutoka upande wa vipuri, kana kwamba bodi ni kioo. Huo unauprinti ulivyo. Bodi ikiwa na jina au namba iliyochorwa kwa shaba, kazi imekwisha: maandishi yakisomeka kwenye mchoro, geuza, yakisomeka kinyume, acha.

Kama hakuna maandishi, angalia IC za 74LS. Nyingi zina graundi kwenye mguu wa mwisho wa safu ya kwanza na volti 5 kwenye mguu wa mwisho wa safu ya pili: 7 na 14, au 8 na 16. Zungusha ukurasa mpaka IC isimame wima, kisha fuata njia nene za umeme. Zikigusa kona ya chini kushoto na ya juu kulia, unatazama kutoka upande wa vipuri. Zikigusa chini kulia na juu kushoto, unatazama kutoka upande wa shaba. Huhitaji hata kujua kichwa cha IC kiko juu au chini. Usitumie 7475, 7490 wala 7493 kwa kipimo hiki, kwani hizo zinakula umeme katikati.

Kanuni hii ni ileile kwa njia ya pasi na kwa njia ya mwanga, mradi upande wenye wino ndio unaogusa shaba.

Si bora nichore upya kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi?

Ni bora kama mchoro umechoka, au kama utapeleka kiwandani. Weka skani kama picha ya nyuma na ufuate njia juu yake. Utapata vidoa vya duara safi na saizi isiyo na shaka. Utakachopoteza ni ile mikunjo ya utepe, maana programu inapenda mistari iliyonyooka, na kwa maoni yetu mikunjo hiyo ni nusu ya uzuri wa bodi ya kale. Kwa bodi ya kwanza, safisha skani kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha), ziba matobo, na uende nayo hivyohivyo.

## Kuhamishia mchoro kwenye shaba

Ninunue bodi tupu ya aina gani?

Zipo mbili: ya karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi, rangi ya kahawia, na ya nyuzi za kioo, rangi ya kijani-njano, iitwayo FR-4. Ya kahawia inatobolewa kama mkate na inafaa kwa majaribio, ila ukiilehemu mara ya pili vidoa vinabanduka. Kwa kompyuta tumia FR-4 yenye unene wa milimita 1.6 na shaba ya maikroni 35. Unene una maana yake: kama bodi ina meno ya kuchomeka kwenye konekta, meno hayo yalipangwa kwa milimita 1.6.

Pasi au mwanga, ipi bora?

Pasi ni rahisi kuanza nayo. Unaprinti kwa printa ya leza, kwa sababu tona ni plastiki inayoyeyuka. Wino wa maji hauhami kwa pasi hata uchome nguo. Mwanga unahitaji bodi iliyopakwa dawa inayobadilika ikipigwa mwanga, au filamu ya kubandika, lakini unatoa njia nyembamba zaidi.

Kipimo cha kuamulia kiko kati ya miguu ya IC. Nafasi ni 2.54, vidoa vikiwa na upana wa milimita 1.5, inabaki takriban milimita moja. Ikipita njia moja ya milimita 0.3, kila upande una uwazi wa kama 0.37. Pasi inaweza hiyo. Ukiona mchoro unapitisha njia mbili humo, nenda kwenye mwanga.

Karatasi gani inafaa kwa pasi?

Karatasi laini ya gazeti lenye kung'aa, au ile karatasi ya nyuma inayobaki ukishabandua stika. Hiyo ya stika ndiyo tunayoipenda, kwa sababu tona haishiki sana juu yake na inaachia yote. Baadhi ya steshenari watakataa kuiingiza kwenye mashine, na wana haki: ikikunjamana ndani ni hasara yao. Ibandike juu ya karatasi ya kawaida kwa seloteipu upande unaoingia kwanza.

Sugua shaba kwa stilwaya mpaka ing'ae, ifute kwa asetoni ileile ya kutolea rangi ya kucha, na usiiguse tena kwa vidole. Pasi iwe moto wa pamba, bila mvuke. Kandamiza, usisugue. Iache ipoe, iloweke kwenye maji, kisha toa karatasi kwa kidole gumba taratibu.

Njia zinakatika au zinajaa matundu. Kosa liko wapi?

Zikikatika kingoni mwa bodi tu, pasi haikufika huko. Bonyeza kingo kwa ncha. Matundu madogo kila mahali ni mafuta ya vidole au tona chache. Njia zilizotapakaa ni joto lililozidi. Palipokatika pachache, paka kwa kalamu ya wino usiofutika. Kukiwa na mengi, futa kwa asetoni na urudie, shaba haijapotea.

Naweza kutumia jua badala ya taa?

Unaweza, na huku kwetu jua lina nguvu: tuko karibu na Ikweta, na Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Saa sita mchana mwezi wa Januari linaunguza dawa haraka sana. Mwezi wa Julai, mawingu yakishakaa juu ya Meru na Kilimanjaro kutwa nzima, kazi inabadilika saa hadi saa. Kwa hiyo usinakili muda wa mtu mwingine. Kata kipande chembamba cha bodi, kifunike kwa kadi, na uisogeze kadi hatua kwa hatua. Utaona hatua iliyotoka vizuri.

Kumbuka aina ya dawa. Bodi iliyopakwa kiwandani kwa kawaida ni chanya: panapopigwa mwanga panaoshwa, kwa hiyo njia ziwe nyeusi. Filamu ya kubandika kwa kawaida ni hasi: panapopigwa mwanga panabaki, kwa hiyo njia ziwe wazi na kwingine kote kuwe kweusi. Ya kwanza inaoshwa kwa kostiki iliyozimuliwa sana, ya pili kwa maji yenye asilimia moja ya sodiamu kaboneti. Magadi ya Ziwa Natron ni ndugu wa karibu wa kemikali hiyo, ila hayajasafishwa na yana mchanga. Yatunze kwa kazi ya kumwaga asidi iliyoelezwa hapa chini.

## Asidi

Feriki kloraidi, yaani dawa ya kulia shaba tunayoiita asidi hapa, inatumikaje bila kuharibu nyumba?

Tumia chombo cha plastiki. Kamwe usitumie sufuria ya alumini: itachemka na kutoboka. Weka chombo hicho ndani ya beseni la maji ya moto ili asidi ifike nyuzi 40 hadi 50. Laza bodi, tikisa beseni bila kuchoka, na itazame. Shaba inaanza kuondoka kingoni, kisha kwenye mapana. Itoe mara tu kisiwa cha mwisho kikiisha, kwa sababu asidi inaendelea kula njia kwa pembeni.

Vaa glavu na miwani. Doa lake kwenye nguo au sakafu ya saruji halitoki, kwa hiyo fanyia nje. Wapo wanaochanganya asidi ya haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi. Inakula haraka, lakini mvuke wake unakereketa mapafu na kutia kutu kila chombo cha chuma kilicho karibu. Hatuishauri kwa chumba cha kupanga.

Mbona inachukua muda mrefu mno?

Imepoa, imechoka, au bodi haitikiswi. Asubuhi ya Julai asidi inapoa haraka kuliko unavyodhani. Iliyochoka inageuka kutoka kahawia kuwa kijani kizito.

Niimwage wapi?

Usiimwage kwenye mito ya Themi na Naura, wala kwenye mfongo (mfereji) wowote unaoshuka mashambani. Shaba iliyoyeyuka inaua samaki na kuharibu udongo, na maji ya mfongo kuna mtu anayanywa. Ongeza magadi kidogokidogo mpaka iache kutoa povu na tope litulie chini. Chuja tope kwa kitambaa, likauke, lihifadhi kwenye chombo kilichoandikwa mpaka upate anayepokea taka za kemikali. Maabara za vyuo ni pa kuanzia kuuliza.

## Kutoboa na bodi za pande mbili

Biti ya saizi gani?

Milimita 0.8 kwa IC na rezista, 1.0 kwa diodi nene na konekta. Nyuzi za kioo zinabutua chuma cha kawaida haraka. Nunua za kabaidi, na utumie stendi, kwani zinavunjika ukiyumba kidogo tu. Vaa barakoa. Vumbi la FR-4 si la kuvuta.

Nitafanyaje pande mbili zikutane?

Funika upande wa pili wote kwa seloteipu pana, tengeneza upande wa kwanza mpaka umalize asidi, kisha toboa matundu manne tu, moja kila kona, kwenye vidoa halisi. Toboa na karatasi ya upande wa pili kwenye vidoa hivyohivyo. Pitisha pini za kushonea kwenye karatasi na bodi, kaza kwa seloteipu, toa pini, piga pasi. Kama saizi ilipimwa kama ilivyoelezwa juu, vidoa vitalaliana. Kama haikupimwa, hakuna mbinu itakayoviokoa.

Bodi za kiwandani zina shaba ndani ya matundu. Zangu hazina.

Kwa hiyo kila tundu linalounganisha juu na chini lazima ulipitishie waya na kuulehemu pande zote mbili. Chini ya IC ndipo pagumu, maana soketi ya kawaida inafunika vidoa vya juu. Tumia soketi za miguu ya mviringo, ambazo unaweza kuzilehemu kwa juu. Weka alama kwenye karatasi kila tundu ulilokamilisha. Tundu moja lililosahaulika linatosha kuinyamazisha kompyuta nzima.

## Vipuri

IC nazipata wapi?

Za 74LS, rezista na kapasita utazikuta kwenye mizoga kwa mafundi redio na wauza vyuma chakavu wa Arusha na Moshi, hasa bodi za mashine za ofisini za miaka ya 1980 na 1990. Anayepita Namanga anaweza kuzitafuta Luthuli Avenue, Nairobi. Anayeshuka Dar, Kariakoo. Z80 na 6502 kwa kawaida ni za kuagiza mtandaoni. Mwaka 2024 Zilog, kampuni yenye Z80, ilitangaza kusitisha Z80 za miguu 40, kwa hiyo nyingi unazoziona sokoni ni akiba au zimetolewa kwenye bodi nyingine.

Nitatambuaje IC feki?

Futa maandishi kwa pamba yenye asetoni. Wino uliopakwa juzi unatoka. Angalia kama uso umesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi upya.

Kipimo cha kweli ni kuiendesha. Kwa Z80, unganisha miguu yote minane ya data kwenye graundi kupitia rezista, na miguu ya kuomba na kusubiri uivute juu. Namba sifuri kwa Z80 ni amri ya kutofanya lolote, kwa hiyo itapita anwani zote moja baada ya nyingine. Weka taa ndogo kwenye A15, mguu wa juu kabisa wa anwani: kwa kasi ya ZX80, megahezi 3.25, itapepesa kama mara 12 kwa sekunde. Ikipepesa, CPU ni hai.

Naweza kuweka 74HC badala ya 74LS?

Weka 74HCT. 74HC inahitaji volti ya juu zaidi kuitambua ishara ya "moja", na IC za zamani hazifiki hapo kila mara. Itawaka leo, kesho itasumbua.

Nina 6502 mpya, W65C02S. Mbona inapata moto kwenye bodi ya zamani?

Kwenye 6502 ya asili mguu wa 1 ni graundi, na bodi imeuunganisha hivyo. Kwenye W65C02S mguu huohuo unatoa ishara, kwa hiyo bodi inauzamisha kwenye graundi. Ukunje usiingie kwenye soketi. Tena mguu wa 36, ambao zamani haukuwa na kazi, sasa lazima uwekwe kwenye volti 5.

ROM ya zamani ni 2716 na sina kifaa cha kuiandika.

28C16 ina miguu 24 ileile na inakaa kwenye soketi bila kubadilisha kitu, kwa sababu mguu wa 21 bodi inauweka kwenye volti 5, na hapo 28C16 inakubali kusomwa tu. 2708 ni habari nyingine: inataka volti 5, hasi 5 na 12, na vifaa vingi vya bei nafuu haviiwezi. Ikwepe.

## Umeme, picha na kuwasha

Bodi ya Kimarekani nitaiunganishaje na umeme wa TANESCO?

Transfoma zao ni za volti 120. Hapa ni 230, na ukiichomeka hivyo utasikia harufu. Bodi inayotaka volti 5 peke yake, ilishe kwa adapta nzuri ya volti 5 moja kwa moja, ukiruka regulata ya zamani. Utapunguza na joto: regulata ya 7805 inayopokea volti 9 na kupitisha ampea moja inageuza wati 4 kuwa moto mtupu.

TV haionyeshi kitu.

ZX80 ilitoa picha kwa antena, chaneli ya 36 ya UHF. Achana na modyuleta, kile kisanduku kinachogeuza picha kuwa ishara ya antena. Chukua ishara kabla haijaingia humo, ipitishe kwenye transista moja, uiingize kwenye AV ya njano. TV bapa nyingi bado zitagoma au kuonyesha giza, kwa sababu ishara ya ZX80 haina ule muda mfupi wa weusi baada ya sinki (ishara ya kupanga mistari ya picha) ambao TV za sasa zinautumia kupima mwanga. TV ya chogo haijali. Kama ipo moja stoo kwa mjomba, iombe.

Skrini kupepesa kila unapobonyeza kitufe si ugonjwa. Kwenye ZX80 CPU ndiyo inayochora picha, na ikifanya kazi nyingine inaacha kuchora.

Nimemaliza, haiwaki. Nianzie wapi?

Toa IC zote. Pima volti 5 kwenye kila soketi, kona kwa kona. Pima kama miguu ya jirani imegusana. Rudisha IC za saa, zile zinazotoa mapigo ya kuiendesha CPU, peke yake na uhakikishe saa inapiga. Kisha weka CPU, angalia riseti inapanda, angalia anwani zinasogea. Mara nyingi kosa ni tundu lisilo na waya au unywele wa shaba ambao asidi haikuumaliza. Bodi ikishikwa juani unywele huo unaonekana.

## Maswali ya pembeni

Nikiagiza bodi kiwandani China, bado ni "nimetengeneza mwenyewe"?

Mchoro ni wako, vipimo ni vyako, lehemu ni yako. Viwanda vingi huanzia bodi tano, na matundu yanakuja na shaba ndani. Kwa bodi yenye matundu mamia ya kuunganisha pande mbili, hatuoni ushujaa wowote katika kupitisha waya mojamoja.

Naweza kuuza niliyotengeneza?

Mbali na suala la hakimiliki, andika kwa shaba kwenye bodi yenyewe kwamba ni nakala, pamoja na mwaka ulioitengeneza. Apple-1 halisi ilinunuliwa dola 905,000 kwenye mnada wa Bonhams mwaka 2014. Kwa bei za namna hiyo, nakala isiyo na alama itamfikisha mtu mahakamani hata kama wewe uliiuza kwa nia safi.

Nimefuata mchoro wa gazeti njia kwa njia, bodi imetoka safi, IC nzima, na bado haifanyi kazi. Inawezekana mchoro wenyewe umekosewa?

Inawezekana kabisa. Utepe ulibandikwa na binadamu, na magazeti yalichapa masahihisho kwenye matoleo ya miezi iliyofuata, mara nyingi kwenye kona ndogo ya barua za wasomaji. Tafuta hayo matoleo kabla hujakata shaba. Kisha linganisha mchoro na dayagramu, mguu kwa mguu, ukitia rangi kila njia uliyoithibitisha. Vikipishana, amini dayagramu kwanza, ila angalia na orodha ya miguu ya mtengenezaji wa IC. Kata njia mbovu kwa wembe, ruka kwa waya, na uandike penseli kwenye mchoro wako ili atakayeuchukua baada yako asianze upya.